Dalali alisema moja, mashine ikawa nyingine: hatua za kufuata kudai haki yako

Karatasi yenyewe ni ya daftari la shule, imekunjwa mara nne. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Nimepokea sh. 18,000,000/= za mashine ya kukamua alizeti." Chini yake kuna sahihi moja, namba ya simu na alama ya kidole chenye mafuta. Aina ya injini haikutajwa, nguvu yake haikutajwa, na jina la mwenye mashine halipo kabisa.

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria ngazi ya jamii. Mimi si wakili. Karatasi za namna hii huzipokea msimu hadi msimu, na kila inayokuja inabeba habari ileile: dalali alisema hivi, nikalipa, nimefika nyumbani nimekuta vile. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi mwenye karatasi alikuwa na haki nzuri kabisa wiki ya kwanza. Anapofika kwangu mwezi wa nne tangu anunue, ameshaiharibu kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Haya ninayoeleza ni ya Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana vifungu vyake vinafanana sana na vya kule. Zanzibar wana sheria yao, na Kenya kwa sehemu kubwa wanafuata kanuni za mahakama za Uingereza. Kwa hiyo ukikuta ushauri wa wakili wa Nairobi mtandaoni, usiubebe mzimamzima.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga. Mama mmoja wa kijiji cha Singida amejichanga na kununua mashine iliyotumika. Dalali wa mjini amemwambia: "Mama, injini ni HP 30, na haijawahi kufunguliwa." Amelipa milioni 18, amekodi lori kwa laki sita, mashine imefika. Siku ya tatu inavuta moshi mweusi na inashindwa mzigo. Fundi anaifungua: injini ni HP 20, yaani nguvu yake ni ndogo kuliko alivyoambiwa, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imechomelewa.

Hatua ya 1: Zima mashine

Nimeiweka hii ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopotezwa zaidi.

Kifungu cha 19 kinasema kwamba ukikubali mkataba kwa sababu ya udanganyifu au maelezo potofu, mkataba huo unaweza kuuvunja ukitaka. Tazama hapo: ukitaka. Haujavunjika wenyewe. Bado unasimama mpaka wewe useme hapana. Na ukishajua ukweli, kisha ukaendelea kukamua gunia baada ya gunia kana kwamba hakuna kilichotokea, umesema ndiyo kwa vitendo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inakubana upande huohuo: mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa ameipokea.

"Wacha nimalizie alizeti ya jirani tu, alishaniletea." Hilo ndilo neno ninalolisikia, na nalielewa, maana aliyelileta ni jirani na msimu haungoji. Lakini kila siku unayoiwasha baada ya ripoti ya fundi, unampa muuzaji hoja ya kusimama nayo mbele ya hakimu.

Basi izime. Usiibadilishe vipuri, usiipake rangi, usiiuze wala kuiweka rehani. Piga picha: kibati chenye namba ya injini, ile sehemu iliyochomelewa, na mashine nzima pale ilipo. Fundi akupe maelezo yaliyoandikwa, siyo ya mdomo: jina lake, tarehe, namba ya injini, alichokikuta, na kwa maoni yake kilikuwapo tangu lini. Ukurasa mmoja wenye sahihi unatosha. Kipande chochote alichokitoa kifungie kwenye mfuko na ukiandike tarehe.

Haraka hii inamhusu pia muuzaji aliyetapeliwa. Umetoa ng'ombe wako kwa mtu aliyejitambulisha kwa uongo? Mwarifu mara moja kwamba umeuvunja mkataba, na wajulishe wanaofanya biashara mnadani. Akiwahi kuwauza kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, aliyelipa kwa nia njema kabla hujauvunja mkataba, huenda ng'ombe usiwapate tena, ukabaki unamdai tapeli pesa.

Hatua ya 2: Andika maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa

Kaa chini siku hiyohiyo na daftari. Andika nani alisema nini, wapi, lini, nani alikuwa karibu. Usiandike "alinidanganya kuhusu mashine." Andika: "Alisema haijawahi kufunguliwa. Alisema ni HP 30. Tulikuwa gereji, kijana wa kubeba mizigo alikuwapo."

Kisha pitia sentensi moja moja, kwa sababu si kila uongo wa sokoni una uzito kisheria. "Hii mashine ni moto, hutajuta" ni sifa za muuzaji, hakuna mahakama itakayokupa kitu kwa hizo. "Bei ya alizeti mwaka huu itapanda" ni maoni kuhusu kesho. Lakini "ni HP 30" na "haijawahi kufunguliwa" ni taarifa kuhusu kitu kilichopo au kilichokwisha kutokea, inayoweza kupimwa kuwa kweli au uongo. Hizo ndizo za kupigia mstari.

Baada ya hapo jiulize kama msemaji alijua. Aliyejua kwamba si kweli, au aliyetoa ahadi huku hana nia hata chembe ya kuitimiza, anaangukia kifungu cha 17, udanganyifu. Aliyeamini anachosema lakini akawa amekosea, anaangukia kifungu cha 18, maelezo potofu. Wote wawili wanakupa haki ya kuuvunja mkataba. Tofauti yao inakuja mahali ambapo wengi hawapategemei, na nitaifafanua taratibu.

Kifungu cha 19 kina kipengele kinachosema kwamba kama ulikubali kwa sababu ya maelezo potofu, au kwa sababu ya ukimya wa kidanganyifu, huwezi kuuvunja mkataba ikiwa ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Yaani kama kibati cha HP 20 kilikuwa mbele ya macho yako na ukaambiwa "angalia mwenyewe," muuzaji aliyekosea bila kujua atakuuliza kwa nini hukuangalia. Ila kipengele hicho hakimtaji aliyesema uongo wa makusudi kwa kinywa chake. Aliyekuangalia usoni akasema "haijafunguliwa" wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka kuchomelewa hawezi kujikinga kwa kusema ungechunguza. Ndiyo sababu ushahidi kwamba alijua una thamani kubwa. Mtafute fundi aliyechomelea. Mji ni mdogo, atapatikana.

Ukimya nao una kanuni yake. Kukaa kimya tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema, au pale ambapo kimya chake ni sawa na jibu. Mama akiuliza, "Hii haijachomelewa popote, au nakosea?" na dalali akacheka tu huku akiendelea kuhesabu pesa, kicheko hicho ni jibu.

Lazima pia ionekane kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokufanya ukubali. Kama ulikuwa na fundi wako siku ya kununua, akakwambia ni HP 20 na ukanunua hivyohivyo, uongo wa dalali haukukupeleka popote.

Ujumbe wa simu ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu mahakamani, lakini hakimu atapima kama umetunzwa bila kuchezewa. Usifute mazungumzo, hata yale ambayo wewe mwenyewe uliongea kwa hasira. Sauti za WhatsApp ziache kwenye simu ileile. Ujumbe wa muamala wa pesa uandike pembeni pia: namba ya muamala, saa, na jina la mpokeaji lililotokea. Jina hilo utalihitaji katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Jua dalali alikuwa mtu wa nani

Hapa ndipo kesi nyingi zinapopotelea. Dalali hapokei simu, mwenye mashine anasema "mimi sikukuuzia, kamtafute aliyekuuzia," na mama anazungushwa kati ya watu wawili kama mpira.

Sheria inamwita wakala mtu yeyote aliyewekwa kumfanyia mwingine kazi au kumwakilisha mbele ya watu. Mwenye mali hapa nitamwita aliyemtuma. Uwakala hauhitaji hati wala mshahara: unaweza kutolewa kwa mdomo, na unaweza kuonekana kwa mazingira tu. Mwenye mashine aliyempa dalali ufunguo wa gereji, akamwambia bei, akamwacha awaonyeshe wateja, ametuma mtu. Na wakala akidanganya au akitoa maelezo potofu katika kazi aliyotumwa, mkataba unaathirika kana kwamba maneno yalitoka kinywani mwa aliyemtuma. Mwenye mashine hawezi kuchukua milioni 18 kisha akayakana maneno yaliyozileta.

Lakini maneno ya jambo ambalo dalali hakutumwa hayambani mwenye mali. Dalali wa mashine akikuahidi pia kwamba "tajiri atakupa kiwanja cha kuiwekea," ahadi hiyo haina miguu, labda kama tajiri mwenyewe, kwa maneno au matendo yake, aliwafanya watu waamini kwamba dalali ana madaraka hayo.

Maswali ya kujibu ni haya. Pesa ilipokelewa na nani? Ufunguo ulikuwa kwa nani? Nani alishusha bei mlipopatana, na alimpigia nani simu kwanza? Kamisheni alilipwa na nani? Dalali akisema "ngoja nimuulize bosi," kisha akarudi na bei mpya, hapo kuna aliyemtuma. Kama ni wewe uliyemwambia "nitafutie mashine nami nitakupa laki tatu," basi huenda alikuwa wakala wako, na deni lake kwako ni la namna nyingine: alipaswa kukufanyia kazi kwa uangalifu, kukupa hesabu, na kutojipatia chochote kwa siri. Cha juu, ile pesa anayoiongeza juu ya bei ya mwenye mali na kuitia mfukoni bila mtu aliyemtuma kujua, aliyemtuma ana haki ya kuidai. Watu wamezoea kuiona kama halali yake. Mbele ya sheria siyo.

Wapo pia wanaokutanisha watu tu, wakaondoka. Huyo hakuuza kitu wala kumwakilisha mtu. Lakini kama alisema uongo wake mwenyewe akijua, bado anaweza kudaiwa kwa ulaghai.

Dalali mwenyewe anawajibika lini? Kwa kawaida wakala hafungwi na mkataba alioufanya kwa niaba ya mwingine. Kawaida hiyo inavunjika pale anapokataa kumtaja aliyemtuma. Ile risiti ya daftari isiyo na jina la mwenye mashine, iliyosainiwa na dalali peke yake, inamweka yeye mwenyewe kwenye moto. Vilevile aliyejifanya ametumwa kumbe hajatumwa na mtu, naye mwenye mali akakataa kuyakubali aliyoyafanya, atakulipa hasara yako. Kama hujui nani ni nani, wadai wote wawili katika shauri moja, wajieleze mbele ya hakimu.

Wewe uliye na mali na umewahi kumweka dalali, neno moja kwako. Ukimwachisha kazi, kumwambia yeye peke yake hakutoshi. Kwa watu wa nje, madaraka yake yanaisha pale wanapojua. Mteja aliyezoea kulipa kupitia kwake, akalipa bila kujua umemfukuza, amekulipa wewe. Piga simu kwa wateja, bandika tangazo getini, chukua ufunguo.

Hatua ya 4: Chagua njia moja

Sheria inakupa milango miwili, na lazima uchague.

Mlango wa kwanza ni kuuvunja mkataba: mashine irudi, pesa irudi. Unayevunja unarudisha ulichopokea, nao wanarudisha walichopokea, na kwa kuwa umeuvunja kwa haki unaweza kudai fidia ya hasara iliyokupata. Kwa mama wetu hesabu ni milioni 18 za bei, laki sita za lori la kuja, laki sita za kuirudisha, na laki mbili na nusu za fundi aliyekagua. Jumla sh. 19,450,000.

Mlango wa pili uko katika kifungu cha 19 pia, na watu wachache wanaujua: unabaki na mashine, lakini unataka uwekwe mahali ambapo ungekuwa kama maneno ya dalali yangekuwa kweli. Hapa usipige hesabu kutoka kwenye bei uliyolipa. Piga kutoka kwenye thamani ya kitu ulichoahidiwa. Kama mashine safi ya HP 30 sokoni ni milioni 20, na hii uliyoipata haizidi milioni 11, tofauti yako ni milioni 9. Mtu aliyepatana bei nzuri hapotezi faida ya mapatano yake kwa sababu aliyemuuzia alisema uongo.

Uchague upi? Ninavyoona mimi, kama muuzaji ana mali inayoonekana na mashine yenyewe haikufai kwa kazi uliyoinunulia, irudishe. Kama muuzaji ni mtu wa kuhamahama, anayeweza kuchukua mashine na pesa isirudi, kubaki na mashine ni kubaki na kitu mkononi. Lakini usije ukaandika barua ukidai kurudisha, kisha wiki ya pili ukaiwasha. Milango hii haifunguki yote kwa pamoja.

Mahakama inaweza pia kumlazimisha mtu atekeleze mkataba wenyewe, lakini hutoa amri hiyo pale ambapo pesa haitoshi kuponya, kama kwenye nyumba au kiwanja ambacho hakina pacha wake. Kwa mashine ambayo ingine kama hiyo ipo mtaa wa pili, tegemea pesa. Ukisikia kwamba mwenye mali anataka kukiuza kwa mwingine kitu mnachogombania, omba mapema zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza asikiuze.

Na kwa kuwa nimetaja kiwanja: mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, na ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake sebuleni kwake si idhini ya halmashauri. Migogoro hiyo inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kwa utaratibu wake.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya hasara

Kifungu cha 73 kinakupa fidia ya hasara ya namna mbili: ile inayotokana na uvunjaji wenyewe (hapa ni mtu kutotimiza alichokubali, siyo wewe kuukataa mkataba) kwa mwendo wa kawaida wa mambo, na ile ambayo pande zote zilijua, wakati wa kupatana, kwamba itatokea mkataba ukivunjwa. Hasara ya mbali hailipwi.

Kanuni hii ina asili ya ajabu kidogo, nayo inahusu mashine ya kusaga. Katika shauri la Hadley dhidi ya Baxendale la mwaka 1854, huko Gloucester, Uingereza, kinu kilisimama kwa sababu mhimili wake ulivunjika. Wenye kinu wakaukabidhi kwa wasafirishaji wapelekewe Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mpya. Wasafirishaji wakachelewa, kinu kikalala siku kadhaa zaidi. Wenye kinu wakadai faida waliyoikosa, na mahakama ikakataa, kwa sababu wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba bila mhimili ule kinu kizima kinasimama. Wenye kinu wangeweza kuwa nao wa akiba.

Kwa mama wetu maana yake ni hii. Faida ya msimu wa alizeti aliyoikosa atalipwa kama alimwambia dalali kabla ya kulipa: "Nina oda ya gunia za kukamua, naanza Juni." Na hapa uwakala unamsaidia: kilichosemwa kwa wakala katika shughuli aliyotumwa huhesabiwa kimesemwa kwa aliyemtuma. Ujumbe mmoja wa simu wenye maneno hayo unaweza kuwa na thamani kuliko risiti zote. Nunua chochote cha biashara, lakini kabla hujalipa, andika unakinunulia nini.

Una wajibu pia wa kuipunguza hasara. Kama kulikuwa na mashine ya kukodi kijiji cha jirani, hakimu atauliza kwa nini hukuikodi. Gharama za kukodi zinaingia kwenye madai yako, lakini kukaa miezi mitatu ukiitazama mashine mbovu hakuingii.

Kila senti uliyoitumia iwe na karatasi. Hasara halisi, yaani lori, fundi, kukodi, lazima itajwe moja moja kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo miaka na miaka. Usumbufu na maumivu ni fidia ya jumla, na kiasi chake anakipima hakimu.

Mkataba wako ukiwa na adhabu iliyoandikwa, mfano "atakayevunja atalipa milioni 5," usiihesabu kama iko mfukoni. Kifungu cha 74 kinakupa fidia inayofaa, isiyozidi kiasi hicho. Milioni 5 ndiyo dari, na hakimu anaweza kukupa milioni 2.

Hatua ya 6: Peleka barua

Barua ndiyo inayovunja mkataba. Simu ya hasira haitoshi, maana kesho itakanwa. Iwe fupi, isiyo na matusi wala vitisho vya polisi. Mfano:

"Tarehe … niliuziwa na wewe, kupitia kwa wakala wako, mashine ya kukamua alizeti yenye injini namba … kwa sh. 18,000,000. Kabla sijalipa nilielezwa kwamba injini ni HP 30 na haijawahi kufunguliwa. Kwa kuamini maelezo hayo nilinunua. Tarehe … fundi aliikagua na kukuta injini ni HP 20 na silinda hedi imechomelewa. Nakala ya ripoti imeambatishwa. Kwa barua hii nauvunja mkataba huo. Mashine ipo …, haitumiki, na niko tayari kukurudishia. Nakutaka unirudishie sh. 18,000,000 pamoja na gharama sh. 1,450,000 ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitafungua shauri mahakamani bila taarifa nyingine."

Nakala moja kwa dalali, nyingine kwa mwenye mali. Wapelekee mbele ya shahidi, wasaini kupokea kwenye nakala yako. Wakikataa kusaini, shahidi aandike tarehe, saa na kwamba wamekataa. Itume pia kwa simu.

Hatua ya 7: Polisi, wazee, au mahakama

Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na kama kuna aliyejifanya mwenye mashine isiyo yake, nenda polisi. Lakini kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni ya mikataba. Jalada la jinai linaweza kuishia kwa mtu kufungwa na wewe ukabaki na mashine mbovu. Wakati huo siku zako za madai zinakwenda.

Kupatana nje ya mahakama ni njia nzuri, mradi yaandikwe. Nimeona watu wakipatana mbele ya mtendaji wa kata, pesa zikalipwa kidogokidogo mpaka zikaisha. Yaandikwe kiasi, tarehe za malipo, na nini kitatokea akikosa tarehe moja. Kumbuka kwamba mazungumzo hayasimamishi muda wa kufungua shauri. Shauri la mkataba lina miaka 6. Dai la ulaghai kama kosa la madhara, nje ya mkataba, lina miaka 3. Udanganyifu uliofichwa unahesabiwa tangu ulipougundua au ulipopaswa kuugundua.

Shauri hufunguliwa mahakama ya chini kabisa yenye mamlaka, mahali anapoishi mdaiwa au jambo lilipotokea. Deni la wazi la mkataba lisilozidi milioni 30 linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Kuuvunja mkataba kwa udanganyifu na kudai fidia, kwa mali inayohamishika kama mashine, peleka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambayo ukomo wake ni milioni 200. Mashauri yanayohesabika kuwa ya kibiashara yana ukomo wa chini ya huo, kwa hiyo mwulize karani kabla ya kulipia. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, basi usiogope kuandika hati ya madai kwa lugha unayoijua. Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha, nawe umeshafanya kazi hiyo tangu Hatua ya 1. Kama huna uwezo wa wakili, tafuta watoa msaada waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako itakuelekeza.

Hatua ya 8: Kukaza hukumu

Ukishinda, pesa hazitembei zenyewe. Kuanzia siku ya hukumu zinaingia riba, kwa kawaida asilimia 7 kwa mwaka, na inaweza kufika asilimia 12 kama mlikubaliana hivyo kwa maandishi. Mdaiwa asipolipa, unaiomba mahakama ikaze hukumu, nayo humteua dalali wa mahakama akakamate mali na kuiuza. Yeye hawezi kukamata mali asiyojua iko wapi. Kwa hiyo tangu siku unapoandika barua, anza orodha yako pembeni: gari la mdaiwa namba ngapi, gereji iko kiwanja gani, ana mashine ngapi nyingine na zimefungwa kijiji kipi.

Una miaka 12 ya kuikaza hukumu hiyo. Nakala iliyogongwa muhuri itunze pamoja na ile karatasi ya daftari, ndani ya bahasha isiyoingia maji.